Kikombe cha Maji ya Chumvi

Mtu akisema "leteni maji ya chumvi", mimi huingiwa na woga. Sitanii. Naweza kuwa sokoni nikibishania nyanya, mdomo umenichemka kabisa, lakini mtu akianguka karibu na hapo na wenye huruma wakaanza kuitisha kikombe na chumvi, mimi huacha nyanya na kupiga kelele: msimpe, msimpe, mpelekeni akapimwe kwanza! Watu hunitazama wakidhani nina roho mbaya. Waache wadhani.

Woga huo niliupata Kawangware, katika ploti ya mabati yenye bomba moja uani, nilikoishi na mama. Alikuwa ametoka Machakos akiwa msichana, na kazi yake ilikuwa kufulia watu nguo. Alikuwa mwembamba. Nalitaja hilo kwa sababu ndilo lililomponza. Mtaani kwetu presha ilikuwa ya aina mbili, na zote mbili zilipimwa kwa macho. Mnene mwenye hasira akishika kichwa, yake ilikuwa imepanda. Mwembamba mwenye shida zake akishikwa na kizunguzungu, yake ilikuwa imeshuka. Ya kupanda ilikuwa ya watu wenye vitambi na magari, ya kushuka ilikuwa yetu. Na dawa ya kushuka kila mtu aliijua: maji ya uvuguvugu kikombe kizima, chumvi ya kushikwa kwa vidole, koroga, kunywa yote.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa nami nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa ameinama juu ya beseni akifua shuka. Akanyoosha mgongo na kusema kichwa kinamgonga na macho yanaona vitu visivyokuwepo. Kisha akaketi chini, mikono bado ina povu. Majirani wakaja mbio. Watu wa ploti wana ubaya wao, lakini mtu akianguka hawakawii. "Imeshuka hiyo," akasema jirani wa mlango wa pili. "Si unaona vile amekauka?" Kikombe kikaja. Mama akanywa yote, akakunja uso, akashukuru. Kichwa kilipozidi kumuuma, akaletewa kingine. Nilikuwa nimepiga magoti nikimpepea kwa kifuniko cha sufuria, na nakumbuka nilifurahi kuona anakunywa.

Kabla jua halijazama, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Hospitalini daktari alimwambia mjomba wangu, nami nimesimama nyuma yake, kwamba presha ilikuwa juu sana, pengine kwa miaka, na mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. "Juu?" mjomba akauliza. "Si ilikuwa imeshuka?" Mama hakurudi nyumbani. Daktari hakusema ni yale maji yaliyomuua, na huenda angekufa hata bila hayo. Jirani wa mlango wa pili alilia matangani kuliko ndugu zetu, na hakuna aliyemwambia neno. Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja, na mpaka leo sijaamua.

Nilipoolewa nilihamia Kibera, Laini Saba, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe hulia kwenye rafu. Mume wangu ni fundi wa mabomba. Mama yake, aliyekuja Nairobi kutoka Western zamani sana, anaishi mlango unaotazamana na wetu, na ni mtu wa sauti: akikusalimia asubuhi, ploti nzima inajua umeamka. Siku zile pembe ya leso yake ilikuwa na fundo daima. Wanawake wengine hufunga pesa humo. Yeye alifunga chumvi. Kila baada ya muda alifungua, akachovya kidole, akaramba, akafunga tena. Nilidhani ni ulaji tu, kama wengine wanavyotafuna odowa, yale mawe laini, na sikumuuliza. Kwa mama mkwe kuna mambo huulizi.

Kazi ya mume wangu niliiona kwa karibu mara ya kwanza nilipompelekea chakula Sarang'ombe. Maji yalikuwa yamekatwa na siku hiyo yalitarajiwa kurudi. Nilimkuta amechutama kando ya mtaro, ameweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya bomba na mpini wake sikioni.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Maji. Inakuja. Hebu nyamaza kidogo."

Akafungua valvu kidogo tu, akangoja. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema maji ya rangi ya chai, likakohoa tena. Mimi nilitaka afungue yote tuondoke, njaa ilikuwa inaniuma. Akacheka.

"Ukifungua yote mara moja, hiyo hewa inaenda wapi? Maji inakuja na nguvu, inagonga, inatafuta mahali imechoka. Hapo ndipo inapasua."

Hakumaliza kusema. Kule mbele, upande wa mtaa wa Olympic, mtu mwenye haraka zake alikuwa amefungua valvu yote. Tulisikia mlio kama wa mlango uliobamizwa, kisha watu wakapiga mayowe, na maji yakaruka juu ya mabati ya nyumba. Mume wangu alipokwenda kukata kile kipande kilichopasuka akanionyesha. Kwa nje kilikuwa laini, cheusi, kizima. Kwa ndani kulikuwa na ufa wa zamani, mwembamba, uliokuwa ukila plastiki polepole bila mtu kujua. "Ungeliangalia hii bomba jana ungesema iko sawa," akasema. Nilikishika kile kipande nikamwona mama ameinama juu ya beseni, mwembamba, mzima, akiimba. Chakula nilichomletea alikula peke yake.

Mwaka uliofuata nikapata mimba. Ile furaha ya siku za kwanza naikumbuka, lakini haikudumu, kwa sababu mimi ni mwoga na nilikuwa na sababu. Kliniki niliogopa kitu kimoja tu, ule mkanda wa presha. Wengine huogopa sindano. Mimi sindano nipigwe hata mbili. Lakini muuguzi akinizungushia ule mkanda mkononi na kuanza kubana kile kipira chake, mkono ukikazwa mpaka vidole vinakufa ganzi, nilikuwa nasikia moyo wangu masikioni. Damu inazuiwa kwanza, kisha hewa inaachiwa polepole, na muuguzi anasikiliza damu ikirudi. Nilimwona akilini mume wangu na bisibisi yake. Nikajiambia, sasa huyu muuguzi atasikia ufa.

Mara zote alisema presha iko juu kidogo, niende nikakae kwenye benchi nipumue, nirudi. Nikirudi imeshuka kidogo. "Huyu ni woga," muuguzi akasema akicheka, na benchi zima likacheka, nami nikacheka. Lakini kuelekea miezi ya mwisho hakucheka tena. Alibonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki pale pale kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Akaniambia: "Sikiza, mama. Hii shimo ikibaki hivi, si kunenepa. Ni presha inapanda. Kichwa ikikuuma sana ama uone kama nyota, usingoje siku ya kliniki. Kuja hiyo saa. Kuna kifafa cha mimba, na haingojangi mtu."

Kifafa cha mimba. Nilibeba maneno hayo mpaka nyumbani nikitembea kana kwamba nimebeba mayai. Nikamweleza mama mkwe, tukiwa tumekaa mlangoni kwake tukichambua mboga. Nikambonyezea mguu wangu aone. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Hii ndiyo inakunyima usingizi? Hii ni maji ya mtoto! Hata yangu hubonyea hivi, na mimi nilimaliza kuzaa kitambo." Akavuta leso juu, akabonyeza mguu wake, akanionyesha shimo. "Si uko na mimi hapa? Nani amekufa?"

Akafungua fundo, akachovya kidole, akaramba chumvi yake, akaendelea na mboga. Mimi niliendelea kujibonyeza kila jioni kwa siri, nikijifanya nafunga kiatu. Nilihesabu moyoni shimo linachukua muda gani kujaa. Kila jioni lilikawia zaidi. Pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni. Uso ukafura mpaka mume wangu akaanza kunitazama kwa chati nikigeuka upande.

Jambo lenyewe lilinikuta bombani. Maji yalikuwa yamepotea kwa siku kadhaa na asubuhi hiyo yalikuwa yanarudi. Foleni ilikuwa ndefu, mitungi ya manjano imepangwa hadi kwenye reli. Mume wangu alikuwa chini zaidi, kwenye valvu, anafungua kama kawaida yake. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, ananikataza kuinua mtungi. Bomba likaanza kukohoa, wanawake wakashangilia. Na mimi nikaona nyota.

Zilikuwa ndogo, nyeupe, zikielea juu ya mitungi. Nikadhani ni jua juu ya bati. Nikafumba macho, nazo zikafuata ndani. Kichwa kikabana kama kimefungwa ule mkanda wa kliniki na mtu anaendelea kubana, anaendelea tu, haachii. Nikatafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya mtungi, mtungi ukapinduka, nikajikuta chini kwenye tope.

"Siz, uko sawa?"

"Ameanguka! Mshikeni!"

"Presha imeshuka, hiyo ni jua. Leteni maji na chumvi!"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo, nililiona, lakini ulimi ulikuwa umekuwa mzito na halikutoka. Nikasikia kikombe kikigonga mdomo wa bomba. Kisha nikaona mikono ya mama mkwe, naijua, mikono mikubwa yenye makovu ya moto wa jikoni, ikifungua lile fundo la leso. Akamimina chumvi yote kwenye kikombe, akakoroga kwa kidole. Uso wake ulikuwa umejaa upendo. Nasema kweli, sijawahi kumwona ananipenda vile. Ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu mtu anayekupenda vile huwezi kumzuia.

"Kunywa, mtoto wangu. Kunywa hii, utaamka."

Nikafunga meno. Kikombe kikagusa midomo, maji ya chumvi yakanitiririka kidevuni, nami nikazidi kukaza. Hilo nalo likawa kosa.

"Amekaza meno! Ni kifafa! Leteni kijiko, atajiuma ulimi!"

Kijiko kikatoka sijui kwa nani. Mtu akanishika kichwa kwa nyuma, mwingine akashika taya, chuma kikagonga meno yangu ya mbele. Nilijua wakifungua mdomo huo maji yataingia, na kwa vile nilivyokuwa nahema yangeweza kuingia kooni hata mapafuni, na mtoto akageuka tumboni kwa nguvu kana kwamba naye anakataa. Nikawaza, hivi ndivyo mama alivyokufa, akiwa na watu wazuri pande zote.

Mikono yangu ilikuwa bado inasikia. Nikaukamata mkono wa mama mkwe uliobaki mtupu, nikauvuta chini mpaka mguuni kwangu, nikakiweka kidole chake gumba juu ya muundi wangu na kukibonyeza kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Kisha nikauachia.

Akatazama. Shimo lilikuwa la kina, kidole chote kingelala humo. Halikujaa. Akalitazama, halikujaa. Akamtazama mwanamke mwenye kijiko, akalitazama tena shimo, bado lilikuwepo. Sijui alikumbuka nini, kama ni maneno ya muuguzi niliyomwambia mlangoni pake au ni kitu kingine. Nilichoona ni rangi ikimtoka usoni.

"Wacheni," akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha ikarudi yote: "Nimesema mwacheni! Toa hiyo kijiko! Iteni kijana yangu alete mkokoteni!"

Kikombe akakimwaga mtaroni.

Mume wangu alikuja na mkokoteni wa kubebea mitungi, maji bado yanachuruzika. Akanilaza juu yake na kuuvuta kati ya vibanda, akipiga kelele watu wapishe. Kila jiwe nililisikia kichwani. Mama mkwe alikimbia kando akiwa amenishikilia mguu, sijui kwa nini mguu, hakuuachia mpaka barabarani tulipopata gari. Mume wangu alirudia neno moja tu njia nzima, "pole pole, pole pole," na sikujua kama ananiambia mimi, mkokoteni au damu yangu.

Hospitalini hakuna aliyeniambia nikapumue kwenye benchi. Muuguzi alifunga mkanda, akasikiliza, akainuka akakimbia. Wakanichoma dawa ya kuzuia kifafa, ambayo huingia mwilini kama moto, wakanipeleka nikapasuliwe. Nilipoamka nilikuwa na msichana mdogo sana, amefungwa pamba na kofia, anapumua kwa haraka. Kwa siku nyingi niliogopa kumwita wangu.

Ilikuwa katika siku hizo, nikiwa bado wodini, ambapo mama mkwe alisimama ghafla kutoka kwenye kiti cha wageni, akayumba, akashika ukuta. Mkono ukaenda kwenye pembe ya leso. Haikuwa na kitu. Muuguzi aliyekuwa anapima wagonjwa akamwona.

"Kaa, mama. Nikupime na wewe."

"Mimi yangu ni ya kushuka," mama mkwe akasema. "Tangu zamani. Naijua. Nikiramba chumvi kidogo inakaa sawa."

Muuguzi akamfunga mkanda. Akapima mkono wa kushoto. Akahamia wa kulia, akapima tena, polepole zaidi. Nilikuwa nimeshaujua uso ule.

"Nani alikwambia ni ya kushuka?"

Mama mkwe akafikiri. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa mwembamba, alikuwa na shida, alikuwa na kizunguzungu.

"Umewahi kutengeneza kachumbari, mama?" muuguzi akamuuliza. "Ukitia chumvi, si inajaa maji? Chumvi inavuta maji. Kwa damu ni vivyo hivyo. Maji inaongezeka, mishipa ni ile ile. Yako iko juu kuliko ya huyu siku aliletwa hapa."

Muuguzi akaenda kutafuta dawa. Mama mkwe akabaki amekaa, mkono wa gauni bado umekunjwa. Akaniuliza, bila kunitazama, kwa nini nilifunga meno siku ile. Nikamweleza habari za mama yangu, beseni, kikombe cha kwanza na cha pili. Mume wangu alizijua. Yeye sikuwahi kumwambia.

"Ningekuua," akasema.

"Na wewe pia ungejiua."

"Mimi nilikuwa nakupa ile najipatia."

"Najua, Mama."

Alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta kwa ile pembe ya leso iliyokuwa bado na mikunjo ya fundo.

Mtoto yuko shule sasa, na ana sauti ya nyanya yake. Presha yangu haikurudi chini baada ya kujifungua kama wengine wanavyobahatika. Kila asubuhi nameza tembe, kisha naita kupitia mlangoni: "Mama, umemeza?" Naye hujibu ploti nzima isikie: "Nimemeza! Kwani wewe ni polisi?" Nikisikia hivyo naweza kuanza siku. Lakini shida ya ugonjwa huu ni kwamba haukuumizi ukiwa unakula mishipa. Mtu hujisikia mzima akaacha tembe. Mwezi uliopita niligundua kumbe alikuwa ananijibu tu, tembe hamezi.

Yuko hai. Nasema mapema ili usiogope nilivyoogopa mimi. Anaongea, mdomo umelegea kidogo upande mmoja, na bado anatukana vizuri. Lakini asubuhi moja mwezi huo nilimwita na hakujibu. Nikaita tena. Treni ilikuwa inapita, vikombe vinalia, nikajidanganya kwamba hajasikia. Kisha nikakimbia bila viatu.

Alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda. Mpangaji mpya wa mlango wa pembeni, binti mzuri mwenye adabu, alikuwa amemwahi kabla yangu. Alikuwa amempigia magoti, amemshika kidevu kwa upole, na kwa mkono mwingine alikuwa amemwekea kikombe mdomoni.

"Presha yake imeshuka," akaniambia. "Nimemwekea chumvi lakini anakataa kunywa."

Maji yalikuwa yanamtiririka mama mkwe shingoni. Hakuweza kusema. Alikuwa amekaza meno mpaka taya linatetemeka, na macho yake yalikuwa yameelekea mlangoni, yananingoja.

Nikapiga magoti, nikakitoa kile kikombe, nikambonyeza mguu, shimo likabaki. Kisha nikamwita mume wangu alete mkokoteni.